Kutoka Moshi hadi Pangani: mwongozo kamili wa siku moja mdomoni mwa mto

Maji yanayopita chini ya daraja la Karanga hapa Moshi yanaishia Pangani. Yanateremka kuingia Kikuletwa, yanakutana na Ruvu kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, yanapita Korogwe, yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale, kisha yanamwagikia Bahari ya Hindi kando ya mji mdogo wenye minazi, vibaraza na pantoni. Watu wengi wa Moshi na Arusha wanaoteremka Dar hukata kulia pale Segera bila hata kugeuza shingo. Mimi nawashauri wakate kushoto, walale siku mbili Pangani, ndipo waendelee na safari yao.

Nimeshakwenda mara tatu. Ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Tuliamka tumechoka, tukanywa chai taratibu, tukaenda saa nane mchana kutafuta boti ya kutupeleka kwenye fungu la Maziwe, kisiwa cha mchanga kinachoonekana maji yakipwa tu. Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu alitutazama, akatazama saa yangu ya mkononi, akacheka. "Mmekuja na saa za bara. Fungu limeshazama, labda mkasimame juu ya maji." Tulirudi gesti tukalala. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye mwezi, gari baadaye.

Kwanza: chagua tarehe kwa kuangalia mwezi

Bahari ya huku hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku. Kutoka maji makavu hadi maji kujaa ni kama saa sita na dakika kumi na kitu, na kila siku ratiba nzima husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Leo yamepwa saa nne asubuhi, kesho yatapwa karibu saa tano. Hilo moja likikuingia kichwani, mengine yote ya Pangani yanajipanga.

La pili ni bamvua. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa kamili, maji hujaa sana na kupwa sana. Hicho ndicho watu wa pwani wanachokiita bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu: hayajai vya kutosha wala hayapwi vya kutosha. Na pwani yetu ina bahati moja ambayo mtu wa bara haambiwi: siku za bamvua, maji makavu ya mchana huangukia kati ya saa nne asubuhi na saa sita. Yaani unaamka, unakunywa chai, unakwenda baharini wakati mzuri kabisa. Wiki ya maji mafu mambo yanageuka, maji yanapwa alfajiri au jioni, na asubuhi bahari inajaa.

Basi fungua kalenda, tafuta mwezi kamili au mwezi mwandamo, na panga siku yako ya Pangani iwe siku hiyo au moja ya siku tatu zinazofuata. Kama likizo yako inaangukia maji mafu, usiahirishe safari. Acha fungu, chukua mto. Nitaueleza huko chini.

Kuhusu msimu: epuka masika, Machi mwishoni hadi Mei. Kusi ikishika, katikati ya mwaka, bahari huchafuka na wasio na mazoea hutapika. Kaskazi ya Desemba hadi Machi mapema ni nzuri, joto lake tu ndilo kali. Mimi napenda maleleji, kile kipindi cha upepo kubadilika karibu na Oktoba na Novemba, bahari ikiwa kama kioo, ilimradi vuli haijakolea. Na wiki ya Krismasi kumbuka kwamba Dar nzima inapanda kuja kwetu. Kuteremka wakati huo ni rahisi, lakini usirudi na umati wala usiteremke nao baada ya mwaka mpya.

Pili: barabara

Moshi hadi Tanga mjini ni kama kilomita 350. Anayetoka Arusha aongeze 80. Ondoka saa kumi na moja alfajiri. Himo, Mwanga, Same, Hedaru, hapo bado kuna ubaridi na barabara ni nyoofu, na unyoofu huo ndio mtego. Kila kijiji kina kibao cha 50, na mbele ya kibao yupo trafiki na tochi. Kosa moja ni shilingi 30,000. Nimewahi kulipa mawili ndani ya saa moja, nikiwa na mama mkwe kiti cha mbele, na hakunena neno mpaka Mombo.

Mombo ndipo pa kunyoosha miguu. Mabasi mengi husimama hapo, kwa hiyo chakula hakilali. Korogwe utaukuta mto wetu, mpana kidogo kuliko ulivyouacha nyumbani na wenye rangi ya chai ya maziwa. Segera kata kushoto. Ukifika Hale unauona tena mto. Mitambo ya pale ni ya tangu 1964, megawati 21, na chini yake kuna mingine mikubwa zaidi ya 1995, megawati 68. Nilimwambia mwanangu kwamba taa ya sebuleni inawashwa na maji yaliyopita karibu na shule yake. Akauliza kwa nini basi umeme unakatika. Sikuwa na jibu.

Kuanzia Korogwe mashamba ya mkonge yanakukamata pande zote, mistari mirefu hadi macho yanachoka. Yaweke akilini, yana habari yake Pangani.

Muheza, penye machungwa, una njia mbili. Ya kwanza ni kukata kulia moja kwa moja kwenda Pangani, kama kilomita 45. Ni fupi, lakini nilipoipita ilikuwa ya vumbi, na mvua ilikuwa imenyesha. Tulisukuma Noah mara moja na viatu vya mke wangu vilibaki huko. Uliza madereva wa bodaboda pale stendi hali yake kabla hujaingia, wao ndio waliotoka huko asubuhi. Ya pili ni kupitia Tanga mjini, halafu kushuka kusini kilomita 50. Ni ndefu lakini ndiyo ninayoipendekeza kwa gari dogo. Ni sehemu ya barabara kuu ya pwani inayojengwa kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo, ikiwa na daraja la mita 525 juu ya mto wenyewe. Njia hii pia inakupitisha Tongoni, kilomita chache baada ya Tanga, penye magofu ya msikiti na makaburi ya zamani yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Nusu saa inatosha.

Jaza mafuta Tanga. Toa na pesa taslimu hapo hapo, maana wakala wa simu katika mji mdogo anaweza kukuambia salio limeisha, na boti haikusubiri.

Tatu: jioni ya kufika, kazi ni moja

Ukishapata gesti, usikae. Kagua chandarua kina matundu mangapi, kisha toka uende ufukweni kabla ya magharibi umtafute nahodha. Hapa ndipo watu wa bara tunapokosea: tunataka kila kitu asubuhi. Nahodha anayejua atakwenda na nani anaamka ameshaandaa mafuta, mashine na msaidizi.

Salimia kwanza. Sisi watu wa mlimani salamu zetu ni fupi, "shikamoo" kisha shida yako. Pangani salamu ina vyumba. Utaulizwa za kwenu, za safari, za watoto, za huko baridini, na wewe uulize pia. Ukiruka chumba hata kimoja, bei inapanda. Mke wangu ana kipaji hicho, kwa hiyo yeye ndiye hutangulia.

Mambo ya kukubaliana: bei ni ya chombo kizima au ya kichwa (dai iwe ya chombo, na kama mko wachache unganeni na wageni wengine), mafuta yamo ndani ya bei, majaketi ya kuokolea yapo mangapi na yaonekane kwa macho jioni hiyo hiyo, ya watoto yakiwemo, mnaondoka saa ngapi na mnakaa fungu muda gani. Toa kianzio kidogo, kinachobaki lipa mkirudi. Maziwe ni hifadhi ya bahari, ina kiingilio kinacholipwa serikalini kwa kumbukumbu namba. Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho cha NIDA. Mwulize nahodha ofisi iko wapi.

Swali la mwisho la kumwuliza: "Kesho maji yanapwa saa ngapi?" Akikujibu papo hapo bila kutazama simu, umepata nahodha.

Nne: asubuhi, Maziwe

Chai mapema, na isiwe nzito. Vitumbua viwili na kahawa ya kikombe vinatosha. Supu iache, tutaonana nayo mchana. Ondokeni kama saa mbili kabla ya maji makavu. Maji yakipwa saa nne na nusu, muwe mmeshaelea saa mbili na nusu. Safari ni karibu saa moja, kutegemea mashine.

Kinachofuata ni kigumu kukielewa mpaka ukione. Mnakwenda, mnakwenda, hakuna kitu mbele ila maji. Halafu rangi inabadilika kutoka bluu nzito kuwa kijani chepesi, kisha katikati ya kijani kunatokea mstari mweupe kama ukucha. Ule mstari unakua mnapoukaribia. Mnapotia nanga ni fungu la mchanga, tupu, bila mti wala jani.

Zamani halikuwa hivyo. Maziwe ilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa walikuwa wakipanda kutaga hapo. Kilipewa hifadhi mwaka 1975, na katika miaka iliyofuata bahari ikala mchanga, miti ikaanguka, mpaka ilipofika miaka ya 1980 kisiwa kikawa fungu linalozama kila maji yakijaa. Hata sasa kasa bado hupanda kutaga kwenye fungu, na kuna watu wanaohamisha mayai yao hadi fukwe za bara, kama Ushongo huko kusini mwa mto, kuyaokoa na mawimbi.

Mahitaji yako hapo ni machache: kofia, shati la mikono mirefu, maji ya kunywa lita moja na nusu kwa mtu, viatu vya kukanyagia matumbawe, na miwani ya kuchungulia chini ya maji. Kivuli hakuna hata cha kidole. Nunueni turubai jepesi na fito nne Tanga. Tulipokosa, mama mkwe alijifunika kanga mbili na bado pua ilibabuka. Matumbawe msiyakanyage na msibebe hata kipande, wala kombe lililo hai.

Nahodha akisema tuondoke, ondokeni. Maji hayaji kwa mbele kama unavyodhani, huja kwa pembeni, na fungu linapungua huku umeligeuzia mgongo. Safari yetu ya pili tuliacha ndala mbili juu ya mchanga mkavu; tulipogeuka zilikuwa zinaelea.

Tano: mchana, samaki

Mkirudi itakuwa saa saba au saa nane. Mji umelala. Maduka mengi yamefungwa mpaka alasiri, na jua limesimama wima. Usipigane na saa hizo.

Kula kwa mama ntilie karibu na mto: wali wa nazi, changu au kolekole wa kupaka, mchicha, pilipili ya kusagwa. Ukitaka kuchagua samaki mwenyewe, nenda wanapoteremshia vyombo. Jicho liwe angavu na limetuna. Likiwa na ukungu na limezama, samaki amelala. Inua shavu: matamvua yawe mekundu ya damu, yasiwe ya udongo. Bonyeza mgongoni kwa kidole gumba, nyama irudi. Pweza ndiye aliyenipa somo. Mama mkwe, mzaliwa wa Kibosho, alikuwa hajawahi kumgusa. Kijana alimshika pweza, akampiga juu ya jiwe, akampiga tena, tukahesabu mpaka thelathini na kitu, povu likitoka kama la sabuni. "Bi mkubwa, usipompiga utamtafuna hadi Ramadhani." Alimpika kwa nazi na ndimu. Mama mkwe alikula bakuli mbili, akasema bado anapendelea mtori.

Baada ya hapo, lala.

Sita: alasiri, mji wenyewe

Toka saa kumi, jua likishalegea. Vaa kwa heshima: kaptura za ufukweni ziache gesti, akina mama wawe na kanga. Picha za watu, omba kwanza. Mji unazungukika kwa miguu kwa saa moja na nusu. Anzia ukingo wa mto kwenye boma la zamani, pita mtaa wa maduka ya kale yenye milango ya kuchonga na mabaraza, uishie sokoni. Majengo mengi yamechakaa vibaya, mengine yamebaki kuta na mti umeota sebuleni. Wengine wanasema hii ndiyo haiba ya Pangani. Mimi naona ni uzembe wetu sote, na kila nikirudi nakuta ukuta mmoja umepungua.

Mtafute mtu wa kukutembeza, mzee ikiwezekana, kwa sababu kuta hazina maandishi. Mwulize habari za watumwa na pembe za ndovu walioteremshwa kutoka bara kwa misafara. Mwulize pia habari za Agosti 1888. Kampuni ya Kijerumani ilikuwa imekodishwa pwani na Sultani wa Zanzibar, ikaja Pangani na bendera yake na kodi zake, na mji ukakataa. Kiongozi akawa Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa huku huku. Vita vikasambaa pwani nzima hadi Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi. Abushiri alinyongwa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Watoto wetu wa Moshi wanamjua Mangi Meli aliyenyongwa mwaka 1900. Waonyeshe kwamba kamba ilianzia huku.

Saba: jioni, ng'ambo ya mto

Panda kivuko kwenda Bweni kwa miguu, gari liache. Ni dakika chache tu, unavuka na baiskeli, mbuzi, magunia ya nazi na wanafunzi. Ukisimama upande wa Bweni na kutazama mji jua linapozama, utaelewa kwa nini waliujenga palepale.

Ule mkonge wa njiani sasa upate mwisho wake. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, upande huu huu wa kusini wa mto. Kilimo cha mkonge ulichokipita kuanzia Korogwe, pamoja na cha kwetu, kilianzia kwenye hiyo miche 62.

Ukiwa umekuja wakati wa maji mafu, badala ya Maziwe fanya hivi: kodi boti ya kupanda mto asubuhi. Panda maji yakiwa yanajaa ili yakusukume, rudi yakianza kupwa yakuteremshe. Mafuta yanapungua na bei ijadiliwe hivyo. Utapita mikoko, halafu minazi hadi inachosha. Usiogelee mtoni kabisa, hata mwenyeji akikuambia hapa hakuna neno. Mamba wapo.

Nane: kuondoka na samaki

Anayeendelea Dar kwa njia ya pwani avuke mapema asubuhi, na aulize hali ya barabara ya Mkwaja kama mvua imenyesha. Anayerudi Moshi na samaki, hii ndiyo mbinu iliyonifaa baada ya kunukisha gari wiki mbili. Nunua alfajiri, si jana yake. Waparwe magamba na watolewe matumbo huko huko, waoshwe kwa maji ya bahari, wafutwe. Deli liwe na barafu chini, samaki ndani ya mifuko iliyofungwa, barafu juu. Fungua tundu la chini la deli kila mnaposimama, maji ya barafu yatoke, kwa sababu samaki akilala ndani ya maji nyama inalegea. Ongeza barafu Korogwe, na ukifika Same usiku umeingia, hapo una salama. Nazi chagua kavu, itikise sikioni. Isiyo na mlio wa maji iache.

Na kesho yake, kabla ya kazi, peleka gari likaoshwe chini kwa maji ya presha, hasa kwenye springi na bomba la moshi. Mimi nilisahau safari ya kwanza, na fundi wangu wa gari wa kule Majengo bado ananikumbusha kila nikimpelekea gari.